Kichaka kimezubaa: ukiache, ukikate chini, ukihamishe au uking'oe?

Kichaka kikikaa mwaka mzima bila kuongeza kimo, au kikijaa majani bila hata ua moja, wenye bustani wengi Nairobi hukimbilia jembe. Kinang'olewa Jumamosi asubuhi, mche mwingine unaingia shimo lile lile jioni, na mwaka unaofuata malalamiko ni yale yale. Kabla ya kung'oa, jiulize hivi: mche mpya ukiwekwa hapo hapo, kwa udongo huo, jua hilo na maji hayo, utakuwa na nafuu gani kuliko huu uliopo? Ukikosa jibu la wazi, tatizo liko mahali ulipo mmea, na mche mgeni ataurithi ugonjwa wa nyumba.

Njia ziko nne: kukiacha na kurekebisha mazingira yake, kukikata chini kichipue upya, kukihamisha, au kuking'oa kipishe kingine. Vipimo vya kuchagua kati ya hizo vinahitaji kisu, jembe, ndoo ya maji na saa moja au mbili za mchana.

Kwanza uhai na umri

Kwaruza gamba la tawi kwa ncha ya kisu, kipande kidogo tu. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi liko hai. Ukiona kahawia na ukavu, shuka sentimita kumi, ukwaruze tena, hadi ufike shina kuu. Kichaka ambacho kijani kinapatikana sehemu ya chini tu bado kinaweza kuokolewa, mradi ni cha aina inayochipua kwenye mashina ya zamani yaliyo hai (aina hizo tutazitaja mbele). Kikiwa kikavu hadi chini, hakuna cha kulinganisha.

Kisha shika shina karibu na ardhi ulitikise. Likicheza kama jino bovu, mizizi imeoza au haikuwahi kutoka ilipokuwa. Fukua pembeni kwa mkono. Mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo matatu. La kwanza, mfuko wa nailoni bado uko ardhini. Aliyepanda alikata kitako tu na kuuacha uliobaki, mizizi ikazunguka ndani hadi ikajinyonga. La pili, shina limezikwa sentimita kumi au kumi na tano zaidi ya linavyotakiwa, na gamba lililo chini ya udongo limelainika na kuoza. La tatu, kuna utando mweupe wa kuvu chini ya gamba, unaonuka kama uyoga. Hili la tatu halina tiba ya nyumbani. Kuvu hiyo huishi kwenye visiki na mizizi ya zamani, hasa pale ambapo palikuwa na miti mikubwa iliyokatwa ikaachwa na mizizi yake. Kichaka hicho king'oe na mizizi yote unene wa kidole na zaidi, na shimo lile usipande tena kitu cha mti. Weka nyasi au maua ya msimu.

Kuhusu umri, usikihukumu Agosti kichaka kilichopandwa Aprili. Juni hadi Agosti Nairobi ni mawingu na baridi, na mimea inayopenda joto, kama haibiskasi na bogenvilia, hupunguza kasi hata ikiwa na afya. Mpe mche misimu miwili kamili ya mvua, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ndipo utoe hukumu. Kichaka cha miaka kumi kilichokuwa kikichanua vizuri kikaanza kudorora ni kesi nyingine kabisa: hapo kuna kitu kimebadilika, na kazi ni kukitafuta.

Mahali au mmea?

Kinachobadilika zaidi katika jiji hili ni jua. Kilimani na Kileleshwa, nyumba zilizokuwa na bustani zimezungukwa na maghorofa, na bogenvilia iliyochanua miaka mingi inabaki majani matupu. Watu huongeza mbolea, ambayo huzidisha majani. Hesabu ya kivuli ni rahisi. Nairobi iko digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta, kwa hiyo saa sita mchana mwezi Juni jua liko upande wa kaskazini, na mwezi Desemba limehamia kusini. Jengo la mita 15 hutupa kivuli cha karibu mita 7 upande wake wa kusini saa sita ya mchana mwezi Juni. Desemba hutupa kama mita 6 upande wa kaskazini. Asubuhi na jioni kivuli ni kirefu zaidi. Kichaka kilicho kusini mwa ukuta mrefu ndicho kinachoumia zaidi, maana kinakosa jua miezi ile ile ambayo mawingu tayari yamelipunguza. Bogenvilia na waridi zinataka angalau saa sita za jua la moja kwa moja. Simama hapo saa tatu, saa sita na saa tisa, siku moja isiyo na mawingu, uone. Saa za jua zikiwa chini ya nne, usihangaike na mkasi wala mbolea. Hamisha, au weka mmea wa kivuli.

Udongo unagawa jiji mara mbili. Kabete, Lavington, Runda na sehemu kubwa ya Karen zina udongo mwekundu wenye kina, unaopitisha maji. Embakasi, South C na kuelekea Syokimau na Athi River ni udongo mweusi, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi na kunata viatuni mvua ikinyesha. Udongo huu unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na katika kusinyaa unakata mizizi midogo. Usiamini jina la mtaa peke yake, kwa sababu wajenzi huleta udongo wa kujazia kutoka kwingine na kuzika vifusi chini yake. Pima. Chimba shimo la kina cha sentimita 30 karibu na kichaka, lijaze maji, liache liishe, lijaze tena, upime kwa rula yanavyoshuka. Chini ya sentimita 2.5 kwa saa ni mahali pa kuozesha mizizi. Huko waridi, lavenda na rozimari hazitafika mbali hata ukizibadilisha kila mwaka.

Maji ni kipengele ambacho watu husahau. Maji ya visima virefu vya Nairobi mengi yana sodiamu na baikaboneti kwa wingi, pamoja na floraidi. Ukimwagilia miaka mitatu, udongo unaelekea kwenye alkali na mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma hata kama yamo. Dalili yake utaijua: majani machanga, yale ya juu, yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Majani ya chini yakianza kwa umanjano wa jumla, hiyo kwa kawaida ni njaa ya naitrojeni na samadi inaitibu. Vifusi vya saruji vilivyozikwa kando ya ukuta hufanya madhara yale yale ya kisima. Gadenia, azalea na haidranjia ndizo za kwanza kulalamika. Kwa hizi, maji ya mvua kutoka paani ni tiba ya kweli. Bila tangi la mvua, badilisha aina ya mmea badala ya kubadilisha mche.

Njia nne zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inafaa wakati | Matokeo huonekana | Kinachoharibu |
|---|---|---|---|
| Kukiacha na kurekebisha | Shina ni zima ila limezikwa, kichaka kimebanwa na nyasi au kina njaa | Msimu mmoja wa mvua | Kukosa subira. Mbolea mbichi |
| Kukikata chini | Kimezeeka, miguu mitupu, juu kuna majani machache | Machipukizi ndani ya wiki chache mvua ikiwepo | Kukata aina isiyochipua. Kukata kwenye ukame |
| Kukihamisha | Mmea mzima, mahali ndipo pabaya, shina chini ya sentimita 5 | Mwaka mzima | Donge dogo la mizizi. Kuhamisha kiangazi |
| Kuking'oa | Mizizi imeoza, aina haifai mahali, au hakichipui | Mwaka mmoja hadi mitatu | Kurudisha aina ile ile shimo lile lile |

Kukiacha kuna kazi yake. Ondoa nyasi duara la nusu mita kuzunguka shina, kwa kuwa nyasi ya bustani hunyang'anya maji ya juu kabla hayajafika chini. Fukua udongo uliozika shina hadi uone pale mizizi ya kwanza inapotokea. Tandaza samadi iliyooza nusu debe, juu yake matandazo ya sentimita 5 hadi 8, na uache sentimita 10 tupu kuzunguka shina ili gamba lisilowe. Samadi mbichi kutoka zizini inaunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu. Ikiwa bado ina joto ukiingiza mkono, haijaiva.

Kukata chini ndiyo njia inayookoa vichaka vingi zaidi, na pia inayoua vingi kwa kufanywa vibaya. Kata ubakize sentimita 30 hadi 45 mvua zinapoanza, usikate Juni. Kichaka dhaifu usikimalize kwa siku moja: ondoa theluthi ya mashina yaliyo mazee kabisa, msimu unaofuata theluthi nyingine, wa tatu umalizie. Mizizi inahitaji majani machache ya kuilisha. Mbolea ya naitrojeni ingoje hadi machipukizi yafike urefu wa kidole.

Kuhamisha kunadharauliwa uzito wake. Donge la mizizi liwe na upana wa mara 10 hadi 12 ya unene wa shina. Shina la sentimita 4 linataka donge la sentimita 40 hadi 48. Donge la upana wa sentimita 45 na kina cha 30, likiwa limelowa, linazidi kilo 70. Ni watu wawili na gunia la kuvutia. Ukiweza, wiki sita hadi nane kabla, chimba mtaro nusu ya duara ili mizizi mipya midogo ianze karibu na shina. Bogenvilia kubwa usiihamishe. Mizizi yake haipendi kuguswa, na kipande cha tawi ulichochomeka kwenye mfuko kitakufikisha mbali kuliko mama yake.

Aina kwa aina

Haibiskasi, plambago, tekomaria, duranta, poinsetia, bogenvilia na kayaba zote huchipua kwenye mashina ya zamani. Kwa hizi, anza na mkasi na msumeno kabla ya jembe. Haibiskasi iliyojikunja majani ya ncha na kuwa na unga mweupe kwenye mikunjo ina vidung'ata; kata ncha zote zilizojikunja, zichome au zifunge kwenye mfuko, wala usizitupe kwenye mboji. Ila ukifukua mizizi na kukuta vinundu vinundu, hiyo ni minyoo fundo, na haibiskasi nyingine hapo itapata vivyo hivyo.

Bogenvilia yenye jua la kutosha na isiyochanua kwa kawaida inamwagiliwa kupita kiasi. Iache ikauke hadi majani yaanze kulegea kidogo kabla ya kuinywesha. Ikiwa imo katikati ya nyasi zinazorushiwa maji kila jioni, utakuwa na kijani kitupu milele.

Misaipresi ni kinyume. Haichipui mahali pasipo majani. Kidukari cha msaipresi, kilichoonekana Kenya mwaka 1990, kilikausha fensi nyingi, na sehemu iliyogeuka kahawia hairudi kijani kwa dawa yoyote. Dawa inalinda iliyobaki tu. Msaipresi uliokauka zaidi ya theluthi ni wa kung'oa. Lavenda na rozimari vilevile: ukikata chini ya majani umeziua. Lavenda yenye mti mtupu katikati na majani pembeni, ingoe bila majuto. Ni mmea wa miaka michache tu hata ukiutunza.

Waridi linahitaji macho. Mawaridi mengi yamepandikizwa juu ya shina la aina nyingine, na hapa Kenya shina hilo mara nyingi ni Natal Briar. Waridi lililokuwa jekundu na kubwa likianza kutoa fito ndefu zenye maua madogo ya rangi nyingine, aina uliyonunua inazidiwa na shina la chini. Fuata fito hizo hadi chini. Zikitoka chini ya kile kinundu cha kiungo, zing'oe kwa kuzivuta kwa mkono mahali zinapotokea. Ukizikata kwa mkasi, vijicho vinabaki na kesho zinarudi tatu badala ya moja. Kukiwa bado na fito nzima juu ya kinundu, waridi linaokoka. Kama juu ya kinundu hakuna kitu kilicho hai, unalisha shina la watu bure.

Na waridi usilipande palipotoka waridi. Mche mgeni hapo hudumaa ingawa wa zamani ulikuwa unajikokota vizuri tu. Kama hakuna mahali pengine, ondoa udongo wa mchemraba wa sentimita 45 kila upande, ambao ni debe tano hadi sita ukishalegezwa, uubadilishe na udongo kutoka upande wa bustani ambao haujawahi kuwa na waridi.

Pengo kwenye fensi

Mche mmoja ukifa katikati ya fensi ya kayaba au duranta, kuziba pengo kwa mche mmoja mdogo hakufaulu mara nyingi. Majirani wawili wamemaliza maji chini na jua juu. Kwa pengo la chini ya nusu mita, vuta matawi ya chini ya mche jirani, yalaze ardhini, kwaruza gamba upande wa chini, yafukie sentimita tano na kuyabana kwa jiwe. Yatatoa mizizi yenyewe huku yakilishwa na mama. Kwa pengo kubwa zaidi, ng'oa kipande cha mita mbili au tatu, pamoja na mche mzima mmoja kila upande, kata mizizi ya majirani kwa sepeto kwenye mpaka, kisha upande wote kwa pamoja kila sentimita 30 hadi 45. Inauma kung'oa mche mzima, lakini fensi itajifunga sawasawa.

Ukishaamua kung'oa

Tarehe ni muhimu kuliko mche. Ngoja mvua ilowanishe udongo hadi kina cha jembe, yaani sentimita 20 hivi: mwishoni mwa Machi au kuanzia katikati ya Oktoba. Anayepanda Desemba mwishoni anaingia kiangazi na mizizi ya mfukoni. Piga hesabu ya maji: mche mpya unataka lita 10 mara mbili kwa wiki kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, jumla lita 200 hivi. Kichaka cha zamani kingeridhika na lita 20 kila wiki mbili, nusu ya hizo. Mtaa wa mgao wa maji, au unaonunua kwa lori, tofauti hiyo peke yake inaweza kukufanya ukipe cha zamani msimu mmoja zaidi.

Kwenye udongo mwekundu, shimo liwe na upana wa mara mbili au tatu ya mfuko na kina kile kile cha mfuko. Ukichimba zaidi na kujaza udongo laini, mche unazama mvua ikishindilia, na shina linazikwa. Changanya debe moja la samadi iliyooza kwa debe tatu za udongo uliotoka. Kwenye udongo mweusi usichimbe shimo la kina ukalijaza udongo mzuri wa kununua. Umetengeneza beseni, maji yote ya jirani yatakuja kukaa humo. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30 juu ya ardhi, upana wa mita moja, upande juu yake. Na chagua mmea unaoupenda udongo huo: leleshwa ni mwenyeji wa nyanda kavu za huku na hauhitaji kubembelezwa. Lantana usirudishe, inaenea na kusumbua ardhi za watu. Nyumba yenye watoto wadogo, epuka oleanda na thevetia, sumu zake si mchezo, na ujue kwamba matunda ya duranta nayo hayaliwi.

Nasari za kando ya barabara, Ngong Road au Lang'ata Road, zina miche mizuri, lakini inua mfuko kabla ya kutoa pesa. Mche uliokaa muda mrefu umepenyeza mizizi ardhini kupitia kitako cha mfuko. Muuzaji akiunyanyua kwa nguvu, mizizi inabaki pale, na siku ya tatu majani yananyauka nyumbani kwako. Chagua wa sentimita 30 hadi 40 usio na ua, wenye mizizi myeupe ukibonyeza na kuchungulia pembeni mwa mfuko. Kama ulikuwa chini ya neti ya kivuli, uweke mahali pa jua la asubuhi tu kwa wiki moja, kisha upasue mfuko wote kwa wembe kutoka juu hadi chini, uutoe, uikate mizizi inayozunguka mahali patatu, ndipo uupande mche.